Simu ya Marehemu Yaita Mezani

Najua mmenisema wiki nzima. Niliwaacha na simu ya marehemu inaita katikati ya meza, nikaenda zangu kulala. Haya, nimerudi, na simu bado inaita.

Simu yenyewe ilikuwa ya Yasser; namba inayopiga ndiyo ya marehemu. Ilikuwa imelala chali juu ya kile kioo cha mviringo kinachozungushwa kwa kidole, kati ya sahani ya kuku wa nazi na sahani ya roti. Kwenye uso wake palikuwa na picha ya Mzee Badi na kofia yake ya viua, anacheka meno yote nje. Juu ya picha, herufi nne: BABA.

Mzee Badi alikuwa na siku kumi na moja kaburini, Mombasa.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kulinunua gazeti hili, sogea nikupashe. Bimkubwa, mke wa Mzee Badi, aliletwa Minnesota na wanawe atibiwe moyo. Upasuaji ni Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Mumewe alibaki kwao Kibokoni, Mombasa, kuangalia nyumba, na Jumanne ya wiki iliyopita akafariki. Daktari alikuwa ameshasema mama asipewe habari za kumshtua. Yasser, mtoto mkubwa, akawaita wadogo zake Fathiya na Munir ndani ya gereji yake kule Apple Valley, akatoa msahafu, wakaapa wote watatu: Mama haambiwi mpaka atoke chumba cha upasuaji.

Fathiya aliapa huku machozi yanamtoka. Kilikuwa kiapo chake cha pili maishani. Cha kwanza tukiacheni, kitajileta chenyewe.

Kilichomsumbua Fathiya ni eda. Mjane ana miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa haja, na usiku umkute nyumbani. Na siku hizo haziwasubiri watoto wajisikie kusema. Zinahesabiwa tangu roho ilipotoka. Mama yao alikuwa mtu wa eda na hajui, na wao ndio wamemleta hotelini kusherehekea siku ya kuzaliwa!

"Mbona hupokei?" Bimkubwa aliuliza. "Si baba yako huyo?"

"Mtandao, Mama," Yasser alisema. Akabonyeza, picha ikapotea.

"Mtandao umefanya nini?"

"Ni m'baya."

"Simu inaita vizuri, mtandao uwe m'baya?"

Munir akaingilia. Munir ndiye kitinda mimba, anakaa Anoka, mdomo wake hauna breki. "Ma, Mombasa saa hizi ni saa sita na nusu usiku. Mzee ameilalia simu, ime-dial yenyewe."

"Baba yako analala na shuka tu," Bimkubwa alisema. "Simu huiweka dirishani. Wewe umesahau?"

Faiza, binti wa Yasser, mwenye miaka tisa, aliangua kicheko. Alicheka peke yake. Wakubwa walikuwa wameinamia sahani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Nani alikuwa anapiga kwa simu ya marehemu saa sita ya usiku? Hilo Yasser hakulijua, na lilimtoa jasho. Mlango wa hoteli ulikuwa ukifunguka kila mara na baridi ya Desemba inaingia, lakini yeye alikuwa anajipangusa shingo.

Hoteli yenyewe ni ya Bi Siew, Mchina wa Malaysia, hapo Oakdale, ubavuni mwa duka la kufulia nguo. Munir humpelekea wateja chakula kwa gari. Alimchagua kwa sababu hapiki nguruwe, kuku wake anachukua kwa bucha la Wasomali, na roti zake mtu wa pwani akizila anamkumbuka mamake. Chakula cha jioni walikuwa wamekipanga saa moja. Bimkubwa akakataa.

"Saa nane na nusu," alisema. "Maghribi inikute nyumbani."

"Mama, saa nane si chakula cha jioni," Yasser alimwambia.

"Basi msiniite."

Yasser alidhani anaogopa barafu barabarani. Wakaja saa nane na nusu.

Na hiyo siku ya kuzaliwa, msije mkaiamini. Bimkubwa hajui alizaliwa lini. Karani wa vitambulisho alimwandikia tarehe kumi na mbili Desemba, sikukuu ya Jamhuri, akamwambia, "Hii hutaisahau, mama." Maisha yake yote hajawahi kukata keki. Sherehe hii ilikuwa ni fikira ya Yasser. Alisema wakimchangamsha hatashuku kitu.

Bi Siew akatokea jikoni amebeba bakuli kubwa la tambi, na mkononi ana shali nyekundu. Alimzungushia Bimkubwa mabegani, akasema maneno kwa Kiingereza, anatabasamu.

"Anasema kwao mwenye siku yake anavaa nyekundu," Munir alitafsiri. "Ni bahati, Ma."

Bimkubwa aliishika ile shali kwa vidole viwili kama aliyeshika kitu cha moto. Akaivua. Akaikunja mara nne, akampa Faiza.

"Avae mtoto."

"Ma, atajisikia vibaya!"

"Mwambie shukrani. Mwambie mimi ni mzee, nyekundu inanizidi."

Bi Siew hakukasirika. Alisogeza bakuli, akaeleza tena. Munir akatafsiri kwamba hizo ni tambi za umri mrefu, nzima nzima, hazikatwi. Mwenye siku yake azivute mpaka mwisho bila kuzikata, na umri wake uwe mrefu hivyo hivyo.

Bimkubwa alichukua kijiko na uma, akazikata katikati. Akazikata tena.

Bi Siew akaweka mkono mdomoni.

"Mwambie zimepikwa vizuri," Bimkubwa alisema. "Lakini umri hauvutwi kwa meno."

Munir alimgeukia Bi Siew. "She says it's delicious," alisema, na masikio yakamwiva.

Fathiya alimtazama mama yake. Kuna kitu hakikukaa sawa. Bimkubwa wa siku zote angejitanda ile shali na kuzunguka nayo hoteli nzima akiomba apigwe picha. Huyu wa leo alikuwa ametulia mno. Alikula tonge mbili, akatazama dirishani. Alikula ya tatu, akatazama dirishani.

"Jua limefika wapi?" aliuliza.

"Bado lipo, Mama," Fathiya alijibu. "Linakuchwa saa kumi na nusu."

"Haya."

Simu ikaita tena. BABA.

Safari hii Yasser aliidaka kabla ya mlio wa pili. Alisimama, kiti kikaanguka, akakimbilia kwenye kona lilipo tangi la samaki, akawapa mgongo. Aliipokea akiwa amefunika kamera kwa kidole gumba.

"Nani?" alinong'ona.

Ilikuwa sauti ya Ami Jumaa, mdogo wa marehemu. Alisema maneno matatu tu.

"Mpe simu mamako."

Yasser akakata. Lakini hakurudi mezani. Alibaki na simu sikioni, anatikisa kichwa, anacheka kidogo, anasema "eh" na "inshallah" na "nitamwambia". Alikuwa anazungumza na samaki, wasomaji wangu! Fathiya, pale alipokaa, aliuona uso wa simu umezimika.

Yasser akarudi, akaokota kiti, akaketi.

"Baba anakusalimu, Mama. Anasema hongera kwa siku yako. Anakuombea dua ya Jumatatu. Angependa kukuona, lakini usingizi umemzidi."

Bimkubwa aliweka kijiko chini.

"Amesema hivyo?"

"Amesema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mama."

"Na kile kifua? Alikuwa anakohoa."

"Kimepona kabisa. Sauti imekuwa safi."

Njia ya mwongo ni fupi, na Yasser alikuwa ameifikia mwisho wake bila kujua. Fathiya aliiweka roti yake chini. Kuficha ni kitu kimoja. Kumtia marehemu maneno mdomoni, tena mbele ya mkewe, hilo hawakuapa kulifanya.

"Yasser," alisema polepole. "Yatosha."

"Kula, Fathiya."

"Nimesema yatosha."

"Na mimi nimesema kula!"

Wateja wa meza ya jirani waligeuka. Munir akamwaga chai. Na hapo katikati Faiza, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kujibu hajibu, akauliza kwa Kiingereza chake cha shule:

"Bibi, where are your bangles?"

Kila mtu alitazama mikono ya Bimkubwa. Zile bangili nane za dhahabu, alizovishwa siku ya harusi, ambazo hazivui hata akikanda unga, hazikuwepo. Mikono ilikuwa mitupu. Fathiya akaona na mengine. Macho hayana wanja. Buibui ni lile kuukuu la kupikia. Na mama yake, aliyekuwa akipita ukumbini unajua kapita kwa harufu ya udi, leo ananukia sabuni ya kipande.

"Nimezivua," Bimkubwa alimjibu mjukuu wake. "Hospitali hawataki dhahabu."

"Lakini hospitali ni Jumatatu," Fathiya alisema.

"Nimewahi."

Alhamisi Fathiya alimletea hina amtie, mama akasema mkono unamuuma. Fathiya akaogopa kweli. Akadhani mama yake amekata tamaa, anajiandaa kufa Jumatatu. Akamtazama Yasser amwombe kwa macho. Yasser akatazama pembeni.

Bimkubwa alisukuma sahani yake mbele.

"Haya," alisema. "Nimekula, nimeshiba, nimesherehekewa. Sasa tuombeni dua tuondoke. Yasser, wewe ndiye mkubwa. Niombee mimi, kisha muombee baba yako. Muombee Mungu ampe umri mrefu."

Oyaa! Hata mimi ninayesimulia, hapa kalamu ilinidondoka.

Yasser aliinua mikono. Munir alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Ewe Mola," Yasser alianza. "Mponye mama yetu."

"Amin," Bimkubwa aliitikia.

"Umpe afya. Umtoe salama kwenye upasuaji wake."

"Amin."

"Na baba yetu..." Akafumba macho. "Na baba yetu, ewe Mola, umpe umri..."

"Usimalize hiyo dua!"

Fathiya alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi.

"Fathiya, kaa chini," Yasser alisema.

"Sikai."

"Umeapa! Umeshika msahafu!"

"Nitatoa kafara! Nitalisha maskini kumi, nikishindwa nitafunga siku tatu, nitafunga hata mwezi. Lakini kumuombea maiti umri mrefu, amin hiyo mimi siiitikii!"

Neno maiti lilikwisha kutoka. Fathiya alizunguka meza, akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake, akamshika mkono ule mtupu.

"Mama. Nisamehe. Baba amefariki."

Munir alichomoa simu yake, kidole tayari kuita gari la wagonjwa. Yasser alikuwa anakitazama kifua cha mama yake, anahesabu kinavyopanda na kushuka. Bi Siew alikuwa ametoka jikoni na keki yenye mishumaa, anaanza kuimba, akanyamaza katikati ya njia.

Bimkubwa hakuanguka. Hakupiga yowe.

"Siku gani?" aliuliza.

"Jumanne, Mama. Jumanne ya wiki iliyopita."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana, saa za kwetu."

"Saa saba na robo," Bimkubwa alisema. "Saa nane ndipo alipooshwa."

Munir aliishusha simu yake.

"Alizikwa baada ya alasiri," Bimkubwa aliendelea. "Leo ni siku yangu ya kumi na moja ya eda. Imebaki miezi minne kasoro siku moja."

Munir ndiye aliyepata sauti kwanza. "Ma... ulijua?"

"Kila siku akitoka kuswali alasiri msikitini, huku kwenu ndiyo alfajiri. Akitoka tu ananipigia aniamshe. Tangu nije nchi hii hajakosa hata siku moja, hata siku ya mvua. Jumanne nilingoja. Hakupiga. Nikapiga mimi. Akapokea Jumaa, na nyuma yake nikasikia tahalili. Nikajua jeneza linatoka." Alivuta pumzi. "Hakuniambia mtu. Nilisikia mwenyewe."

"Na saa nne nikaja mimi kuchukua simu yako," Munir alisema. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na vyote. "Nikasema kioo kimekufa."

"Nikakupa. Nikakwambia inshallah fundi atakifufua."

"Ma, kwa nini hukusema?"

"Nilisema leo watakuja. Hawakuja. Nikasema kesho. Nimelia siku kumi na moja, Munir, chooni, bomba nimelifungulia ili dada yako asinisikie. Mwenzenu nimefiwa na mume wa miaka arubaini na sita na sina wa kulia naye, na nina watoto watatu!"

Hapo ndipo sauti ilipomvunjika. Fathiya alimkumbatia kiunoni, akaficha uso kwenye lile buibui kuukuu, wakalia pamoja. Bi Siew aliipuliza mishumaa yote kwa pumzi moja, akarudi jikoni na keki yake bila kuuliza.

Bimkubwa akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mtu wa eda hatoki ila kwa haja," alisema. "Leo nimetoka, na haja yangu ilikuwa hii. Nilimwambia Jumaa apige kwa simu ya marehemu saa tisa na nusu. Nikasema, wakiiona picha ya baba yao watashindwa kujizuia. Nitajua kama nimezaa watoto au nimezaa mabawabu."

"Ulimwambia vipi Ami Jumaa?" Yasser aliuliza. "Simu unayo wapi?"

Faiza alijikunyata ndani ya shali nyekundu.

"Faiza?"

"On my tablet," Faiza alisema. "Last Saturday. I promised Bibi."

Kumbe! Mtoto waliyemwogopa kuwa atatoboa siri ndiye aliyeitunza kuliko wakubwa wote.

Bimkubwa aliushika mkono wa Fathiya kwa mikono yake miwili.

"Nimepata mmoja," alisema. "Alhamdulillahi. Mmoja ananitosha. Fathiya, utanirudisha nyumbani, na Jumatatu wewe ndiye utakayesimama na mimi mbele ya daktari. Karatasi zote zitakuwa mikononi mwako. Sitaki mwengine."

"Mama," Yasser alisema. "Daktari alisema moyo wako..."

"Daktari ameusomea moyo wangu. Mimi nimekaa nao miaka sitini na nane."

"Nilikuwa nakulinda!"

"Ulinilinda na nini? Na baba yako?"

Yasser ni mtu ambaye wafanyakazi wake wakisikia gari lake linaingia wanaacha gumzo. Sasa mabega yalimwanguka, na akalia kilio cha mtoto, mikono imeziba uso.

"Si hilo tu, Mama," alisema ndani ya viganja. "Kuna jingine."

Munir akamgeukia. "Jingine gani? Bro, jingine gani tena?"

"Jumatatu. Siku moja kabla hajafa. Alinipigia mimi, simu yako ilikuwa chajini. Nilikuwa kwa Fathiya, wewe Mama uko jikoni unakaanga viazi. Pumzi ilikuwa inamkata. Akasema, nipe mama yako nizungumze naye." Yasser alijilazimisha. "Nikamwambia umelala."

Bimkubwa alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Niliogopa ukimsikia vile utashtuka. Nikasema atapata nafuu, nitakupa kesho. Akaniambia, basi nitamwachia maneno, mpe ayasikie, anihalalishe. Akarekodi, akanitumia. Mama, ninayo. Sijaisikiliza. Nimeogopa."

Wasomaji wangu, mnajua uzito wa hilo. Mtu anakata roho, anaomba radhi ya mkewe, na radhi haikumfikia kwa sababu mwanawe alisema mama amelala.

Fathiya alitaka kumrukia kaka yake. Lakini mkono wa mama yake ulikuwa umemshika imara, ukamtuliza.

"Ilete," Bimkubwa alisema.

Yasser aliitafuta ile sauti, akaiweka simu juu ya kioo cha meza, akakisukuma kwa kidole. Kioo kikazunguka taratibu. Kuku akapita, roti zikapita, bakuli la tambi zilizokatwa likapita. Simu ikasimama mbele ya Bimkubwa. Nje, jua lilikuwa limeshagusa paa la duka la matairi ng'ambo ya barabara.

Sauti ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi na moja.

Bimkubwa alisema bismillahi, akabonyeza.

Kwanza kikohozi. Kisha sauti ya Mzee Badi, nyembamba lakini yake mwenyewe.

"Mama Yasser. Amka, kumekucha."

Bimkubwa alijiziba mdomo. Haya ndiyo maneno aliyoamshwa nayo kila alfajiri. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Najua huko siyo alfajiri," sauti iliendelea. "Ulimi umezoea tu. Wanasema umelala. Lala, mama, ujipumzishe. Mimi naona safari hii sitoki. Nakuomba radhi, mke wangu. Umenilea kuliko mamangu. Nilipokukosea unihalalishe."

"Nimekuhalalisha," Bimkubwa aliiambia simu. "Nimekuhalalisha, Baba Yasser. Duniani na akhera."

Munir alikuwa amelaza kichwa mezani. Yasser alikuwa anasema "astaghfirullah" bila kukoma. Fathiya peke yake alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ameganda, anaitazama simu, na kiganja chake ndani ya mkono wa mama yake kilianza kulowa jasho.

"Usinihalalishe upesi," Mzee Badi alisema, kana kwamba amemsikia. Akakohoa tena. "Kuna jambo nimekuficha miaka saba. Ni la mwaka ule ulipokwenda Makka, ukaniachia nyumba. Yasser halijui. Munir halijui. Anayelijua ni Fathiya. Alikuwapo, aliona kwa macho yake. Nilimshikisha msahafu akaapa hatakwambia maadamu niko hai. Usimkasirikie. Muulize. Sasa yuko huru, atakwambia..."

Bimkubwa akabonyeza. Sauti ikakatika, zimebaki dakika mbili na nusu.

Bimkubwa aligeuza shingo polepole mpaka macho yake yakamfikia binti yake pale alipopiga magoti.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja ulikuwa huru, Fathiya. Tunalala nyumba moja."

"Mama, nilitaka..."

"Kweli au uongo? Ulikuwapo?"

Fathiya alishindwa kusema uongo. Alishindwa pia kusema kweli. Aliinamisha kichwa.

Bimkubwa aliutoa mkono wake ndani ya mkono wa Fathiya, kidole kimoja baada ya kingine. Alisimama, akajitanda mtandio, akaichukua ile simu akaitia mfukoni mwa buibui. Dirishani palikuwa pamebaki ukingo mwembamba wa jua.

"Yasser," aliita.

"Labeka, Mama."

"Lete gari. Nirudishe wewe."